Leya, broila, chotara au kienyeji? Anza na gunia la chakula

Anayetaka kuanza kufuga huwa na swali moja mdomoni: kuku gani anataga sana? Akishajibiwa, huleta la pili kwa sauti ya chini kidogo: na nyama je, anayo? Kama angekuwapo kuku mmoja anayeshinda pande zote mbili, ningemtaja hapa na kila mtu akaenda zake. Hayupo. Punje iliyokwisha kugeuka yai haiwezi tena kugeuka paja. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu, tangu katikati ya karne ya 20, waligawana njia: wengine wakamvutia kuku kwenye yai, wengine wakamvutia kwenye kidari. Leo leya na broila ni ndugu waliokulia nyumba mbili. Ukiwaweka pamoja utashangaa kwamba ni ndege wa aina moja.

Swali langu la kwanza ni jingine. Nani atamlisha kuku wako? Ni wewe, kwa chakula cha kununua, asubuhi na jioni, hadi punje ya mwisho? Au ni eneo, yaani wadudu, majani, mbegu zilizomwagika na makombo ya jikoni, wewe ukiongeza konzi moja jua likizama? Lijibu hilo kwa ukweli na nusu ya mbegu za kuku zilizo mbele yako zitajiondoa zenyewe.

Kwanza tuelewane majina. Leya ni kuku wa mayai: Leghorn mweupe mwenye asili ya Italia, na machotara wa kahawia kama ISA Brown, aliyezalishwa Ufaransa mwaka 1978. Broila ni kuku wa nyama. Majina utakayoyasikia zaidi ni Cobb 500 na Ross 308. Katikati wapo kuku wa matumizi mawili, na hapa watu huchanganya vitu viwili. Kuna mbegu safi za zamani, kama Rhode Island Red na Plymouth Rock za Marekani, Sussex ya Uingereza na Australorp ya Australia. Hawa huzaa watoto wanaofanana nao. Kisha kuna chotara wa kisasa, kama Kuroiler wa India na Sasso wa Ufaransa, ambao ni zao la kupandisha koo tofauti. Ukitotolesha mayai ya chotara unapata vifaranga wa kila sura na kila kimo, na wengi hawafikii mama yao. Mwisho ni kienyeji, kuku asiye na cheti wala jina la kampuni, aliyechujwa na maradhi, mwewe na njaa kwa vizazi visivyohesabika.

Takwimu hizi ni za kuku wanaotunzwa vizuri. Banda baya linaweza kuzikata nusu.

| Kuku | Mayai kwa mwaka | Uzito wa jike | Huanza kutaga | Huatamia? |
|---|---|---|---|---|
| Leghorn | 280–300 | kilo 1.8–2 | wiki 18–20 | hapana |
| ISA Brown na jamaa zake | 300 au zaidi | kilo 2 hivi | wiki 18–20 | nadra sana |
| Rhode Island Red | 200–250 | kilo 2.7–3 | wiki 20–24 | mara chache |
| Sussex, Plymouth Rock, Australorp | 180–250 | kilo 2.7–3.4 | wiki 22–26 | baadhi yao |
| Kuroiler | 150 hivi | kilo 2.5 | wiki 22–25 | nadra |
| Kienyeji | 40–60 | kilo 1–1.8 | wiki 24–28 au baadaye | ndiyo, kwa moyo wote |

Broila hayumo kwa sababu hafiki huko. Anachinjwa kabla hajajua yai ni nini.

Sasa chukua kalamu. Safu ya mayai ndiyo inayotazamwa na kila mtu, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Leya aliyekua hula gramu 110 hivi kwa siku, karibu kilo 40 kwa mwaka. Akitaga mayai 300, kila yai limekula gramu 134. Rhode Island Red ana mwili mkubwa zaidi wa kuutunza. Mpe gramu 125 kwa siku, na kwa mayai 220 kila yai limekula gramu 207. Kuroiler aliyefungiwa, kwa gramu hizo hizo 125 na mayai 150, anafika gramu 304 kwa yai. Kienyeji ni mdogo, tuseme anakula gramu 80. Kwa mwaka ni kilo 29, mayai ni 50, na yai moja limemeza gramu 584. Yaani yai moja la kienyeji aliyefungiwa limekula chakula cha mayai manne ya leya na bado likabakiza njaa.

Usimcheke bado. Mfungulie mlango atafute riziki yake, umpe gramu 30 tu jioni ili akumbuke kurudi bandani. Hesabu inashuka hadi gramu 219 kwa yai, karibu sawa na Rhode Island Red wa ndani, na hapo hujanunua mashine ya kutotoleshea wala taa ya kulelea vifaranga, maana kazi zote mbili anazifanya mwenyewe. Mfungulie leya mlango huo huo kwa konzi hiyo hiyo, na ndani ya wiki mbili utakuwa unaokota mayai ya kuhesabu kwa vidole. Leya hajui kujibana. Kwa siku chache za mwanzo atachota madini kwenye mifupa yake ili yai litoke, kisha atasimama, mwepesi kama kikapu kitupu.

Kwa hiyo msimamo wangu, nao si wa kupendeza kila mtu: kama chakula chote kinatoka kwenye gunia lako, achana na kuku wa matumizi mawili. Chagua leya, au chagua broila, au jenga mabanda mawili. Kuku wa matumizi mawili aliyefungiwa anakutoza gharama za wote wawili na kukulipa nusu ya kila mmoja. Mahali pake ni penye nafasi ya kutembea.

Leghorn au wale wa kahawia?

Yai halitengenezwi kwa siku moja kamili. Tangu kiini kitoke kwenye ovari hadi yai lidondoke ni saa 24 hadi 26, na karibu saa 20 kati ya hizo ni za ganda peke yake. Kuku wa saa 26 huchelewa kidogo kila siku. Leo anataga asubuhi, kesho karibu na adhuhuri, keshokutwa alasiri, kisha anaruka siku moja na kuanza upya. Leya wa kisasa amechaguliwa kwa saa fupi, ndiyo maana anaweza kutaga wiki kadhaa bila kuruka. Siri ya yale mayai 300 iko hapo.

Kati ya wawili hawa, Leghorn ni mwembamba, anakula kidogo kuliko mwenzake, na undu wake mkubwa, ile nyama nyekundu ya kichwani inayolala upande mmoja, humsaidia kupoza mwili wakati wa joto. Tatizo ni tabia. Ni mwoga. Ingia bandani na kofia mpya uone, wote watakimbilia kona moja na kulaliana. Ua wa mita moja na nusu kwake ni kizingiti tu. ISA Brown ni mtulivu, anakufuata miguuni, na mayai yake ni ya kahawia. Wapo wanaoamini ganda la kahawia lina lishe zaidi. Halina, rangi hiyo ni ya mbegu ya kuku tu. Kiini cha njano iliyokolea nacho kinatokana na majani na mahindi ya njano, na kuku yeyote ukimlisha hivyo atakupa. Na kwa kuwa swali hili haliishi: jogoo hahitajiki ili mayai yatoke. Anahitajika ili yaanguliwe.

Anayeanza ningemkabidhi wa kahawia. Mwenye mkono mzoefu, banda refu na joto kali, Leghorn.

Kuna bei nyingine ambayo haionekani mwaka wa kwanza. Baada ya miezi 12 hivi ya kutaga, kuku hupukutisha manyoya, hupumzika, na akirudi mayai hupungua, mara nyingi kwa karibu moja ya tano. Wafugaji wengi humtoa hapo. Leghorn akitolewa ni mifupa na ngozi. Rhode Island Red akitolewa ni kilo tatu za nyama ngumu yenye supu ya maana. Ukiwa na kuku kumi tofauti hii ni ndogo, lakini kwa kuku mia tano inaweza kubadilisha uamuzi.

Broila na saa yake

Mwaka 1925, kuku wa nyama nchini Marekani alihitaji siku 112 kufikia kilo 1.1, na kila kilo aliyoongeza ilikula kilo 4.7 za chakula. Mwaka 1948 yakafanyika mashindano ya kumtafuta kuku wa nyama wa siku zijazo, na mshindi alikuwa mchanganyiko wa Cornish na New Hampshire. Mchujo haujasimama tangu hapo. Broila wa leo hufikisha kilo mbili hadi mbili na nusu kwa siku 42, kwa chakula cha kilo 1.6 hadi 1.8 kwa kila kilo ya uzito. Maisha yake yote anakula kilo nne hivi.

Pora, yaani jogoo mchanga, wa Rhode Island Red bado anatembea kwa saa ya zamani. Anahitaji wiki 16 hadi 20 kufikia uzito huo, na chakula anachokula ni mara mbili na zaidi. Nyama yake imekaza na ina ladha ambayo broila hana, hilo silibishi. Lakini ukimpa chakula cha kununua peke yake ukitegemea nyama ikulipe, umejitafutia hasara.

Broila ana mashaka yake. Mwili hukua haraka kuliko moyo na miguu. Utakuta mmoja amelala chali amekufa, mzima wa afya jana yake. Mwingine tumbo limejaa maji. Mwingine hawezi kusimama. Joto la mchana humuua akiwa ameshiba, kwa hiyo wakati wa jua kali ondoa chakula saa za mchana, mpe alfajiri na jioni, na maji ya baridi yasikauke hata dakika tano. Zaidi ya yote, broila hasubiri. Akifika wiki ya sita anakula gramu 200 hivi kwa siku. Kuku mia wakimsubiri mnunuzi kwa siku tano wamekula kilo mia moja, na kila kilo wanayoongeza sasa ni ghali kuliko ile ya wiki ya nne. Tafuta mlaji kabla ya kifaranga. Asiye na uhakika wa siku ya kuuza asifuge broila, hata kama ana banda zuri kiasi gani.

Kwa anayetaka nyama lakini anaogopa mbio hizo, zipo mbegu za nyama zinazokua polepole, na Sasso ni mojawapo. Anafikisha kilo mbili kwa wiki nane hadi kumi hivi, anatembea, anachakura, na hafi kwa sababu ndogo. Huko Ufaransa alama ya ubora ya Label Rouge hairuhusu kuku kuchinjwa kabla ya siku 81, na mbegu za aina hii ndizo zinazotumika. Mimi namwona ndiye njia ya kati iliyo bora zaidi upande wa nyama.

Wa matumizi mawili, wakiwa nje

Wakati wa kuchagua kati yao watu hutazama rangi. Tazama kwanza hali ya hewa. Plymouth Rock na Sussex wana manyoya mazito. Baridi hawaijali, joto huwachosha. Rhode Island Red anavumilia kote kuwili, ingawa majogoo yake yana ukorofi. Australorp ni mweusi mwenye kumetameta kijani, mpole, na ana historia ya kujivunia: mwaka 1922 hadi 1923 kundi la majike sita lilitaga mayai 1,857 kwa siku 365, wastani wa 309.5 kwa kila mmoja, bila taa za kuongeza mwanga. Usinunue Australorp ukitarajia hayo. Waliokuja baadaye wengi walichaguliwa kwa umbo, na 250 ni idadi ya kushukuru.

Kuroiler ni mwingine kabisa. Alitengenezwa kwa ajili ya kuchakura nje na kula makombo, na jogoo wake hufikia kilo tatu na nusu. Kwa nyama ya nje anawaacha mbali kienyeji. Mayai 150 si mengi, ila ni mara tatu ya kienyeji. Kasoro ni kwamba ni nadra aatamie, na mayai yake hayakupi Kuroiler mwingine, kwa hiyo utarudi kununua vifaranga kila baada ya muda. Anayeuza hupenda kulisahau hilo.

Kienyeji nao si wamoja. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, anachekwa kwa sura yake, lakini jeni yake inapunguza manyoya mwili mzima, hadi karibu asilimia 40 kwa aliyeirithi kwa baba na mama, na penye joto kali anakula vizuri wakati wenzake wamefungua midomo wakihema. Kuchi ni mrefu, mzito, mwenye misuli na hasira, na anataga kidogo sana. Fayoumi wa Misri ni mdogo, mwepesi, anaruka kama ndege wa mwituni, anawahi kutaga, na anajulikana kwa ustahimilivu wake dhidi ya ugonjwa wa mareksi.

Kuna mbinu ninayoipenda kuliko kuchagua mmoja. Weka majike wachache wa Rhode Island Red au Sussex na jogoo wao, na kienyeji wawili watatu kwa kazi ya kulea. Kienyeji akianza kuvimba na kunguruma kiotani, mwondolee mayai yake usiku, mwekee 10 hadi 12 ya wale wakubwa. Siku 21 baadaye anatoka na vifaranga wasiofanana naye hata kidogo, na anawapigania kwa mwewe kama wake wa tumbo.

Kosa lililonigharimu

Mwaka wangu wa pili nilinunua vifaranga 60 nikaambiwa wote ni mitetea wa ISA Brown. Walikuwa wazuri, wengine wa kahawia, wengine wa njano, nyororo. Wiki ya sita undu zikaanza kuwaka nyekundu kwenye vichwa vingi mno. Wiki ya kumi na mbili nilikuwa naamshwa na wawikaji 26. Niliwalisha hadi wiki ya kumi na nane nikitumaini angalau nyama, na nilipowapima mmoja mmoja hakuna aliyefika kilo mbili. Jogoo wa mbegu ya mayai hana mayai na hana kidari.

Nilichokuwa sijui ni hiki: ISA Brown hujitambulisha kwa rangi siku ya kwanza. Mitetea ni wa kahawia, majogoo ni wa njano iliyofifia au weupe. Nilishika boksi lenye jibu mkononi nikaona uzuri tu. Kwa Plymouth Rock mwenye mistari, jogoo huwa na doa jeupe kubwa lisilo na mpaka kichwani, la jike ni dogo na lina mpaka, ingawa hapo kukosea kupo. Kwa mbegu nyingine nyingi, macho yako hayatakusaidia siku ya kwanza, kwa hiyo panga bajeti ukijua nusu ni majogoo. Kwa Sasso na Kuroiler hilo si tatizo, maana jogoo ndiye mwenye nyama. Hii peke yake ni sababu nzuri ya kuwachagua kwa mtu asiyeweza kupata vifaranga waliotenganishwa.

Kulea: panapofanana na panapotofautiana

Siku za kwanza wote ni wamoja. Joto la nyuzi 33 hadi 35 chini ya taa au jiko kwa wiki ya kwanza, kisha punguza nyuzi tatu hivi kila wiki. Kipimajoto ni kizuri, vifaranga ni bora zaidi. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wanasikia baridi. Wakikimbilia ukutani mabawa yakining'inia, unawachoma. Wakijibana upande mmoja, kuna upepo unapenya mahali. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala wamenyoosha miguu, waache. Usiku wa kwanza pita ukipapasa gole, kile kifuko kilicho chini ya shingo. Likiwa limejaa na ni laini, ameshapata chakula na maji. Likiwa gumu kama kokoto, amekula hajanywa. Likiwa tupu, mwoneshe maji kwa kumchovya ncha ya mdomo.

Baada ya hapo njia zinaachana. Broila anataka protini ya asilimia 21 hadi 23 mwanzoni na chakula kisichoisha mbele yake. Mtetea wa leya anataka 18 hadi 20 mwanzoni, kisha ashushwe hadi 15 au 16 akikua, asinenepe. Makosa mawili yanarudiwa sana. La kwanza ni kumpa mtetea chakula cha broila ili "awahi". Atawahi kuwa na mafuta. La pili ni kumpa chakula cha kutagia kabla ya wakati. Chakula hicho kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, ambayo ni sawa kwa anayejenga ganda kila siku lakini huharibu figo za asiyetaga. Subiri hadi wiki ya 18 hivi, au uone yai la kwanza.

Mwanga pia. Anayetaga anahitaji saa 14 hadi 16 kwa siku, na leya ndiye anayelipa fadhila ya taa. Kienyeji anayeatamia kila baada ya mayai 15 hutaona faida kubwa. Usimwongezee mwanga mtetea ambaye mwili haujakomaa. Ataanza mapema, atataga vijiyai, na mwingine njia ya uzazi itatoka nje, wenzake waidonoe hadi afe.

Nafasi: kwenye maranda, leya watano au sita kwa mita moja ya mraba, broila kama kumi na pungufu yake wakati wa joto. Kiota kimoja kinatosha majike watano, na kiwe na giza kidogo. Sussex na wazito wenzake wawekee vichanja vya chini. Wakiruka kutoka juu na uzito wao nyayo huvimba usaha. Leghorn atataka cha juu kabisa na atapigana kukipata.

Kuhusu maradhi, usiruhusu mtu akuuzie mbegu kwa neno "hafi". Kideri (mdondo) kikiingia hakiulizi mbegu. Kinafagia leya, kinafagia kienyeji. Chanjo yake ianze siku za mwanzo na irudiwe katika maisha yote ya kuku, pamoja na ile ya gumboro kwa vifaranga na ndui kwa wanaokua, kwa ratiba ya daktari wa mifugo anayejua kinachozunguka eneo lako. Mareksi huchanjwa siku ya kwanza hukohuko wanakototoleshwa. Muulize anayekuuzia, na kama anababaika, tafuta mwingine. Kienyeji anawazidi wengine kwa kustahimili njaa, minyoo na jua. Kuhara damu ni habari ya maranda yenye unyevu, na kinga yake ya kwanza ni wewe kuinua chombo cha maji kifike usawa wa mgongo wa kuku ili wasimwage.

Kumjua anayekula bure

Mbegu yoyote utakayochukua, miezi kadhaa baadaye utakuwa na majike wanaotaga na wanaojifanya. Ingia usiku na tochi, wakiwa wametulia kichanjani. Mchukue mmoja, mlaze ubavu wa mkono wako kichwa kikielekea nyuma. Chini ya mkia kuna mifupa miwili ya nyonga yenye ncha. Kwa anayetaga inapokea vidole viwili hadi vitatu katikati, na tundu la kutolea yai ni pana, lina unyevu. Kwa asiyetaga kidole kimoja kinaingia kwa shida, na tundu ni dogo, kavu, lenye duara la njano.

Kisha tazama rangi. Kuku wa ngozi ya njano, kama Leghorn na Rhode Island Red, anapotaga huitoa njano yake na kuipeleka kwenye kiini. Inaondoka kwa mpangilio: kwanza tunduni, kisha kuzunguka jicho, kisha mdomo kuanzia shina, na mwisho miguu. Leghorn mwenye miguu iliyopauka katika mwezi wa kumi wa kutaga amekufanyia kazi, hata kama manyoya yake yamechakaa na unamwonea huruma. Yule mrembo, mwenye miguu ya njano iliyokolea na manyoya yasiyokosa hata moja, ndiye mshukiwa. Kwa Sussex na Australorp rangi haisaidii, kwa sababu ngozi yao ni nyeupe, tegemea vidole.

Usimhukumu kwa usiku mmoja. Huenda anaatamia, au yuko kwenye kupukutisha manyoya. Mfunge uzi mguuni, mrudishe kichanjani, mpime tena baada ya siku kumi. Mifupa ikiwa bado imebanana, mtoe.